Kijoka Aliyemeza Moto Wake

Mpendwa kaka Mutiso,

Simu yako haishiki tangu utoke Kathonzweni kwenda kupakia malori Emali. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, mbele ya watu wote, mimi niliyemaliza kidato cha nne nikijibu maswali kwa kunong'ona.

Unamkumbuka Kijoka? Baba alipoanza kufoka na sahani kuruka, ulinishika mkono tukajificha nyuma ya matofali mabichi, ukanisimulia. Babake Kijoka alikuwa joka kubwa. Kila akikasirika aliteketeza paa la nyumba yake mwenyewe, na mamake akaezeka upya. Kwa hiyo Kijoka aliumeza moto wake, tumbo likamuuma.

"Si autoe tu?" niliuliza.

"Akiutoa, atakuwa kama babake."

"Basi apewe magadi."

"Eti magadi! Wewe ni daktari wa majoka?"

Tulicheka mpaka kelele za ndani zikapotea.

Kisha ile siku Baba alikutukana mbele ya watu waliokuja kununua matofali. Uligeuka ukapiga teke safu nzima uliyoifyatua mwenyewe. Nilijikunyata, ukaniona. "Mwende, hata wewe unaniogopa," ulisema. Asubuhi ukaenda.

Kaka, nilikuogopa dakika moja. Miaka mingine yote nilijificha nyuma yako.

Mwezi uliopita mawingu yalianza kukusanyika na matofali yako yalikuwa bado mabichi. Mvua moja ingeyarudisha kuwa udongo. Nilienda mwenyewe kwa majirani watatu kuomba msaada, na sauti ikatoka. Tulifyatua upya yale yaliyovunjika, na yalipokauka tukapanga tanuru, tukalikandika tope, nikawasha mimi. Nilisahau kuacha matundu ya moshi juu, tukakimbia tukikohoa. "Huyu msichana anachoma matofali au anatuchoma sisi?" mzee mmoja akasema. Baba alileta kuni.

Tulipolifungua, matofali yalikuwa mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele. Hapo nikaujua mwisho ambao hukuwahi kunisimulia: Kijoka aliingia ndani ya tanuru, akaupumua moto wote. Hakuna aliyeungua. Matofali yaliiva.

Sasa kuta za jiko la Mama, ninazojenga kwa matofali hayo, zimenifika kifuani. Safu za juu sizifikii. Nimekuachia wewe.

Nakungoja, na sikuogopi.

Dada yako,
daktari wa majoka