Nitatajaje Choo Mbele ya Baba Mkwe?

Ndugu Mshauri, nakuandikia kuomba msaada nikiwa nimechanganyikiwa kabisa, maana wenzangu wa kikundi cha redio, ambacho tunakutana kusikiliza masomo ya afya na kujadiliana, wamenichagua nikaseme mbele ya mkutano wa kijiji habari ya vyoo, nami nilikubali kwa kuwa wakati wa mvua zilizopita ugonjwa wa kuhara ulimnyang'anya jirani yangu Damari mtoto wake na nusura umchukue wa kwangu, Marta, aliyelazwa hospitali mpaka tukakata tamaa, ila nilipokubali sikukumbuka kwamba kwenye benchi la mbele hukaa baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, ambaye jina lake siwezi kuliandika hata hapa. Sisi Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe wala hasemi naye, nikimwona njiani naacha njia naingia migombani mpaka apite, sasa nitasimamaje mbele yake nitaje choo, na isitoshe choo chenyewe tunacho, bwana afya aliamuru kila nyumba ichimbe tukachimba, lakini mimi siwezi kuingia mahali anapoingia baba mkwe, na wake wa nyumba nyingine vilevile hawaingii vya kwao, kwa hiyo tunaendelea kwenda migombani juu ya kijito tunamochota maji, na watoto wanatufuata.

Mwalimu Eliezeri wa shule yetu alinionea huruma akaniandikia hotuba, kurasa nyingi, ina vijidudu na maendeleo ya taifa, nikaikariri kama katekisimu, lakini nilipoijaribu mbele ya wenzangu mtoto mmoja alilia nikapoteza mstari nikarudi mwanzo, nikapoteza tena nikarudi mwanzo, mpaka Paskalina akasema, "Dada Tusa, hayo ni matangazo ya vifo, tuambie basi marehemu ni nani," wakacheka wote, na mimi nikacheka lakini nyumbani nililia. Mume wangu Yotamu nilipomweleza alisema, "Mimi sikukatazi, ila siku hiyo nitakuwa shambani." Mkutano ni baada ya kuvuna maharage, na nikiharibu hakuna atakayetusikiliza tena, na mvua nyingine zinakuja. Nifanyeje?

Tusajigwe, Rungwe

Dada Tusajigwe,

Nimechekeshwa na Paskalina, kisha nikakasirika. Nchi hii inaumwa hotuba. Nimekalia mabenchi ya mikutano kuanzia Iringa hadi Mbeya, nimewasikia wasemaji wanaotaja wakubwa mmoja mmoja mpaka mvua inaanza, kisha wanataka tuwapigie makofi huku tumelowa. Wanadhani kusema ni kuonyesha umesoma vitabu vingapi. Mimi nimesoma vingi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuchimba shimo. Mwalimu wenu ana moyo mzuri, lakini alichokuandikia ni insha. Mrudishie kwa shukrani.

Sasa zamu yako. Unalalamika kwamba una kikwazo, kumbe umeniandikia hotuba nzima na hujaiona. Bwana afya alihesabu vyoo akaondoka ameridhika. Hakuuliza nani anaingia. Wewe unajua kwa nini haviingiwi, na dawa yake unaijua: shimo la pili, upande wa jikoni, la wanawake na watoto. Hilo hakuna mwanamume wa benchi la mbele atakayelisema, kwa sababu halijawahi kumsumbua. Najua wako wasomi watakaoniandikia kwamba nabembeleza mila iliyochakaa, kwamba ungemkazia mzee macho na kuingia choo kimoja naye. Waandike. Ubishi wao utachukua miaka, na kijito chenu kinanywewa kesho asubuhi.

Usikariri maneno. Shika mpangilio: kwanza yaliyompata Damari, naye akuruhusu mwenyewe kabla hujayasema, halafu kwa nini wake hawaingii vyooni, mwisho mnachotaka. Yasimulie kwa sauti ukipukuchua maharage, kila mara kwa maneno mengine, mpaka yawe yako. Mtoto akilia, ngoja anyamazishwe. Mtu akikukatiza, mjibu. Kisha endelea pale ulipofika. Habari yako mwenyewe haiwezi kukupotea. Na salamu moja inatosha mkutano mzima.

Kuhusu baba mkwe, usimvizie. Mweleze mama mkwe wako kila utakachosema, naye amfikishie nyumbani, taratibu, kabla ya siku hiyo. Huombi ruhusa, unamwondolea aibu ya kushtukizwa mbele ya watu. Akitaka kuhama benchi atahama, na akibaki, ujue amekupa heshima. Wewe simama ubavuni, walipokaa wanawake, uelekeze uso na sauti kwa watu wa nyuma kabisa. Paskalina akae huko, anyanyue mkono asiposikia. Mdomo wake ule upumzike kidogo. Mila yako inakukataza kumtazama mtu mmoja, na kijiji kina watu wengi.

Yotamu naye asome hapa. Ndugu yangu, shamba halikimbii. Mtoto aliyelazwa ni wako. Kumwachia mkeo aibu yote mbele ya baba yako, huku wewe umejificha kwenye mahindi, usikuite adabu; ni woga. Nenda mkutanoni, na shimo la pili likitajwa uwe wa kwanza kusema la kwako utalianza lini.

Tusajigwe, ukishasema mnachotaka, kaa chini. Usiongeze kwamba ulikuwa na machache hayo, na usimwombe mtu radhi. Wataanza kutazama mikono yao, utadhani umeharibu. Waache. Wanapima kazi. Kisha mmoja atakohoa aulize shimo liwe na kina gani, na mwenzake atambishia hata kabla hujajibu. Hapo usianze hotuba nyingine. Waambie kina, na nyumba ya kuanzia.