Zamu ya Spesi Ukunguni

Bredäng, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi

Dada Spesi,

Baada ya salamu, sisi hatujambo. Wewe sikuulizi. Naandika kwa haraka kidogo, kwa sababu saa tatu kamili umeme utakatika katika jengo letu lote. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa lifti tangu Alhamisi: mafundi wanabadilisha nyaya, saa tatu mpaka saa sita mchana, wapangaji wawe radhi, wakumbuke friji zao. Nilisimama pale na mfuko wa maziwa mkononi. Sikukumbuka friji. Nilikumbuka gari lako.

Bado liko pale ulipoliacha. La, hilo si kweli, na wewe hukupenda niseme uongo hata kwa adabu. Haliko tena pale ulipoliacha. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze mwanzo, kama ninavyofanya kwenye daftari. Uliiokota ile mashine ya mchezo katika chumba cha takataka kubwa kule chini, wanakotupa makochi na televisheni nzima. Ulipanda nayo umeikumbatia kama mtu aliyeiba kuku wa jirani. "Deo! Niambie kama hii siyo ile ya Fundi Saidi!" Ilikuwa ile ile: ya kijivu, imegeuka njano kwa uzee, na kaseti ya mbio za magari imo ndani. Mama akauliza kama tumeokota redio. Siku hiyo mimi na wewe, watu wazima wenye mvi za kwanza, hatukula mpaka jioni.

Fundi Saidi alikuwa na duka la kutengeneza redio kule kwetu Buyenzi, na mashine moja tu ya mchezo mtaa mzima. Unakumbuka tulivyokaa kwenye benchi tukisubiri zamu, magoti yamebanana. Siku ya kwanza ya mchezo jua linawaka. Una idadi ya magari ya kupita kabla siku haijaisha, na namba inaonekana chini ya kioo cha televisheni ikipungua. Ukimaliza, inakuja siku ya theluji. Sisi tulidhani ni chokaa. Halafu inakuja siku ya usiku, na baada yake siku ya ukungu, ambayo hatukuwahi kuimaliza hata mara moja. Ukunguni huoni gari. Unaona taa mbili nyekundu tu, na ukiziona umeshachelewa.

Wewe ulikuwa fundi wa mchezo ule kuliko wavulana wote, nao walikuchukia kwa hilo. Mimi nilikuwa nagonga kila kitu. Kwa hiyo siku ya jua ulikuwa unayapita magari yote isipokuwa moja, kisha unanitupia maneti, kile kishikio cha vitufe, na kusema, "Nakubakishia moja." Mimi napita lile moja, benchi zima linapiga kelele, natembea mpaka nyumbani kifua mbele kana kwamba nimeshinda mimi.

Fundi Saidi alikuwa na sheria zake. Ukiinuka kwenye kiti, zamu imekwenda. Ila ukibanwa, ukiitwa nyumbani, au muadhini akiita kwa wale wenzetu wa msikitini, uliruhusiwa kuusimamisha mchezo na kumwachia maneti mtu wa tumbo moja nawe. Yeye anashika tu. Akibonyeza kitufe chochote, zamu imevunjika. Ulikuwa unaniambia, "Nishikie," nami nashika mpaka vidole vinakufa ganzi.

Novemba ya mwaka jana, Jumapili mchana, ulikuwa siku ya ukungu, umebakiza magari kumi na tisa. Uliusimamisha mchezo ukajishika kichwa. Ulisema kichwa kinakuuma vibaya. Ulipovaa koti ulinipa maneti. "Nishikie, Deo. Usizime. Usicheze. Narudi sasa hivi."

Siku ya tatu hospitalini daktari alitueleza habari ya damu iliyovuja ndani ya kichwa. Alieleza polepole, kwa upole, nami nikamtafsiria Mama. Neno la mwisho sikulitafsiri, akalielewa.

Sikuzima.

Mwanzoni sikuzima hata televisheni. Watu waliokuja msibani walikaa wakikitazama kile kioo cha kijivu na zile taa mbili, wakadhani ni desturi ya Wasweden. Baada ya wiki sita nilizima kioo tu. Mashine nikaiacha, na kile kitaa chake chekundu. Nilijua haina kumbukumbu. Ukichomoa waya, mchezo unaanza upya kwenye jua kana kwamba hakuna aliyewahi kufika popote. Nilifunga maneti kwa utepe nikaiweka juu ya kiti chako. Kiti hakuna aliyekikalia. Tulisema tutasubiri mpaka tutakapomaliza matanga, kama kwetu: mwaka utimie, watu wakusanyike, vitu vyako vigawanywe, ndipo kiti kiwe kiti tena.

Kila Jumapili baada ya kanisa niliwasha kioo nikaandika kwenye daftari: tarehe, kisha kumi na tisa. Tarehe, kumi na tisa. Ni ujinga, lakini ulikuwa ujinga wenye mpangilio.

Jumapili ya pili ya Februari niliwasha, ikawa kumi na nane.

Nilikaa chini. Namba ya zamani ilikuwa imekiunguza kioo zile wiki sita, kwa hiyo chini ya kumi na nane niliiona kumi na tisa, hafifu, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Zile taa mbili zilikuwa upande wa kushoto siku zote. Sasa zilikuwa kulia, na kubwa zaidi.

Nilijiambia nimekosea kuandika. Lakini wewe unanijua. Sikosei kuandika.

Machi ikawa kumi na sita. Kabla ya Pasaka ikapanda, kumi na saba, kama vile umegonga mtu ukarudishwa nyuma. Kisha ikaendelea kushuka. Nilianza kupiga picha kwa simu. Nikawa nabaki kazini Kista baada ya zamu, napangusa meza ambazo nimeshazipangusa, kwa kuwa sikutaka kufika nyumbani nikakuta kile kitaa kinanisubiri. Nikifika nilisema "Hodi" kwenye mlango wangu mwenyewe.

Sikumwambia Mama. Nilidhani namlinda.

Mama Furaha, yule rafiki yako Mkongomani wa Hallunda, alikuja mwezi wa sita na chapati. Akaona kitaa. "Ndugu Deo, hiki mbona kinawaka na hakuna mtu?" Nikasema ni cha Spesi. "Eh! Shetani anapenda vitu visivyozimwa." Akaweka mkono juu ya mashine ili aiombee, akauondoa kabla ya jina la Yesu. "Mungu wangu! Iko na joto! Iko na joto ya mtu!" Nilimweleza kwamba kila kilicho kwenye umeme kina joto. Akanijibu kwamba hata mtu yuko kwenye umeme wa Mungu, na mbona wewe ulizimwa. Aliondoka bila kunywa chai. Mama alicheka peke yake jikoni, mara ya kwanza tangu uondoke. Hata mimi nilicheka, lakini baadaye nikaenda kugusa. Iko na joto ya mtu, dada.

Sasa Jumamosi hii. Nilirudi kutoka Kista jioni, nikaenda kuona tu kama utepe wa maneti uko sawa, kwa ajili ya kesho yake, siku ya matanga. Mimi hufunga fundo la viatu, vitanzi viwili, na tangu niufunge sikuwahi kuutazama kwa karibu. Nikakuta fundo limezungushwa mara tatu na ncha imechomekwa ndani. Katika dunia hii namjua mtu mmoja anayefunga hivyo. Ndivyo alivyokuwa akifunga mafungu ya sombe, majani ya muhogo, sokoni, ndivyo anavyofunga hadi leo mifuko ya plastiki kwenye friji.

Mama alikuwa anachagua maharage. Nikamwekea maneti mezani, juu ya maharage.

Hakushtuka. Aliniambia, "Kaa."

Kumbe kila Jumamosi nilipokuwa kazini alikuwa anawasha kioo, anasali rozari nzima, kisha anabonyeza. Hakuwa anapita kila mara. Wiki nyingi alibonyeza, akaogopa, akasimamisha. Siku akipita gari anatia harage moja katika kikopo cha maziwa ya unga. Siku ile aliyogonga alitoa harage moja, akakuomba samahani.

Nilimfokea. Najua. Nilimwambia ameivunja zamu yako, kwamba mwaka mzima mimi nimeshika bila kubonyeza kama ulivyoniagiza, na yeye amekwenda kuharibu kwa vidole vya mtu asiyejua hata kutumia lifti. Hakunyanyua sauti.

"Hukuona yuko ukunguni? Mwaka mzima mtoto yuko ukunguni, peke yake, na wewe unamtazama na kuandika. Mimi nilikuwa namsogeza kidogo kidogo."

Nikarudia tu kama kasuku kwamba sheria ya Fundi Saidi ni kushika, siyo kucheza.

Akasema, "Nani alikuwa anawafuata jioni? Siyo mimi? Siyo mimi niliyesimama mlangoni pa lile duka nawaita mpaka koo linakauka? Fundi alipotaka kufunga duka na mwenye zamu hajarudi, ilikuwaje?"

Nikakumbuka, dada. Sijui nililisahau vipi. Duka likifungwa kabla mwenye zamu hajarudi, aliyeshika anammalizia. Na jina linaloandikwa kwa chaki ukutani ni la mwenye zamu, si la aliyemaliza.

Mama akayarudisha maharage yake upande mmoja wa sinia. "Na habari ya tangazo la umeme hukuniletea wewe mwenyewe? Jumanne duka linafungwa."

Jumapili tulimaliza matanga katika ule ukumbi wa kupanga kule Hallunda. Watu walikuja wengi, ungeona haya. Mama Furaha alichukua lile koti lako jekundu, linambana lakini hakubali. Mimi sikuchukua kitu. Tulipatana na Mama: magari mawili yaliyobaki, ambayo kikopo na daftari vilikubaliana, maharage kumi na saba kutoka kumi na tisa, tutayapita Jumanne asubuhi kabla duka halijafungwa. Mpaka hapo, asiguse mtu. Jioni ile ile nilipiga picha ya kioo. Mbili. Kisha nikachomoa maneti kwenye mashine, nikaitia katika lile sanduku la chuma tunamoweka pasi na karatasi za ukaazi, nikafunga. Ufunguo nilikuwa nao shingoni. Uko hapa sasa hivi, unanigusa kifuani ninapoinama kuandika.

Leo nimeamka saa kumi na mbili. Nje giza, barafu kwenye madirisha. Nimefungua sanduku, nimechomeka maneti. Sijabonyeza kitu. Nimewasha kioo.

Moja.

Nimetazama picha kwenye simu: mbili. Nimetazama daftari: mbili. Nimemwita Mama. Ametazama, amevaa kanga yake ya kulalia, kisha amekwenda jikoni. Nimemsikia akimimina kikopo mezani na kuhesabu kwa Kirundi, mara moja, halafu tena. Amerudi. "Kumi na saba," amesema. "Mimi sijamgusa, Deo." Nimemwamini. Alisema hivyo akiwa ameshika ukuta.

Naweza kutafuta sababu. Mashine ni nzee, pengine waya umeguswa nilipochomoa maneti, pengine mchezo ulisogea wenyewe kidogo kabla haujasimama. Nimeandika hayo yote kwenye daftari chini ya tarehe ya leo, kwa mpangilio, na ninapoyasoma yanaeleweka. Lakini naandika na mgongo umeelekea kioo, na sijageuka tangu nianze barua hii.

Nilikuwa nimeogopa tangu Februari kwamba labda ni wewe. Saa hii naogopa kwamba labda siyo.

Imefika saa tatu kasoro dakika kumi na tano. Mama amevaa kitenge cha kanisani na amekaa kwenye kiti chako. Kimelia vile vile kinavyolia. Ameniambia niache kuandika, eti nimeandika vya kutosha kwa mtu mmoja.

Ukutani, pembeni ya dirisha, pale ambapo wenye nyumba hawataona mpaka tuhame, nitaandika jina lako kwa chaki: SPESI, siku ya ukungu. Sitaandika langu. Kila tutakapohamia nitaliandika tena, na kabla chaki haijafutika nitalipitia upya. Hiyo ndiyo ahadi. Saa tatu umeme ukikatika, sitawasha mashine tena. Usinisubiri huko, dada, nami sitakushikilia huku. Uliniagiza nishike, nimeshika.

Sasa nageuka. Taa mbili nyekundu ziko mbele, karibu sana, na chini yake ile namba. Ulisema unanibakishia moja.

Mdogo wako,
Deo