Aliyekuwa Ghorofa ya Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, kazini huitwa Mama Ndoo
Umri: miaka 46
Kazi: kuchota maji na kukoroga zege
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda cha matofali

Haya ni maelezo yangu ya pili. Ya kwanza, niliyoyatoa hapa tarehe 11, hayakuwa ya kweli. Nimekuja mwenyewe kuyarekebisha.

Marehemu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa fundi wa plasta, na wenzake walimwita Kioo kwa jinsi kuta zake zilivyokuwa laini. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye kazi ile. Tulikuwa watu arobaini na mmoja, lakini kwenye daftari linalopelekwa ofisi ya kazi na ofisi ya kodi tulikuwa tisa. Mimi nilikuwemo, yeye hakuwemo. Wakaguzi wakija, msimamizi hupiga filimbi, wasioandikwa hupanda ghorofa ya nne na kulala chini, kisha ngazi ya mbao ya kufikia huko huondolewa.

Mnamo tarehe 11, saa nne na robo asubuhi, filimbi ililia. Mdogo wangu alipita karibu nami akasema, "Dada, mimi naenda kulala, we komaa na ndoo zako." Nikamwambia, "Nenda huko, mvivu we." Alicheka. Hatukusemezana tena.

Wakaguzi walikuwa wawili, mama wa ofisi ya kazi na bwana wa kodi. Msimamizi aliwaambia juu hakuna mtu. Yule mama akanigeukia. "Dada, juu kuna mtu?" Nilijibu, "Hakuna." Alinitazama kidogo, akaandika.

Walikaa na daftari kwenye kibanda cha ofisi kwa muda mrefu. Jua lilikuwa kali, na kule juu hakuna paa wala maji. Saa sita na dakika kumi tulisikia kishindo nyuma ya jengo. Nilimkuta chini, mti wa jukwaa aliojaribu kushukia umelala kando yake. Plasta ilikuwa imemkaukia mikononi. Siku zote alinawa kabla hajagusa kitu cha mtu.

Msimamizi alisema, "Huyu simjui. Labda alikuja kuiba nondo." Yule mama alinigeukia tena. Nilitazama chini, na hapa kituoni nikaandikisha kuwa hakuwa mfanyakazi wa pale. Niliogopa kufukuzwa. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mdogo wangu.

Jana wifi yangu aliambiwa kwamba hakuna anayethibitisha kuwa mumewe alikuwa mfanyakazi pale, kwa hiyo hana haki ya kudai fidia. Mtoto wao akaniuliza, "Shangazi, baba alienda kuiba?"

Alikuwa kazini. Kuta za ghorofa ya pili, upande wa ngazi, zote ni kazi ya mkono wake. Niliyonayo ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo yamechukuliwa nami, Sajenti wa zamu, saa 3:40 asubuhi. Nimemsomea, amekubali. Nimemwonya kuwa kumdanganya mkaguzi na polisi ni kosa, anaweza kushtakiwa. Amejibu, "Najua, afande. Andika tu." Kwenye jalada, kazi ya marehemu ilikuwa imeandikwa "haijulikani". Nimekata. Nimeandika: fundi plasta.