Kikao cha Kumchagulia Bi. Orpha Bunduki

UMOJA WA MAJIRANI WA BONDE LA SORREL, KENTUCKY MASHARIKI

Tarehe: Jumamosi, 14 Novemba 2009
Mahali: Chumba cha chini cha kanisa
Waliohudhuria: Bw. Burgess Napier (Mwenyekiti), Bi. Lorene Fugate (Katibu), Bw. Delmas Combs, Bi. Orpha Sizemore (mjane, mwenye shauri)
Asiyehudhuria: Bw. Hobart Fugate, mume wa Katibu. Yuko msituni akiwinda kulungu. Katibu hakuombwa ruhusa.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala ndefu kuliko ilivyohitajika.

KUMB. NA. 2/11: KUVUNJIWA NYUMBA
Bi. Orpha alieleza kwamba amevunjiwa nyumba mara ya pili. Vidonge vyake vya maumivu ya mgongo viliibwa, na safari hii alisukumwa akaangukia jiko. Sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, alipigiwa simu, akafika kesho yake. Alipoulizwa kama alimtambua mwizi, Bi. Orpha alisema kulikuwa na giza.

Wajumbe walitazama meza. Hakuna aliyemtazama Bw. Delmas, ambaye mwanawe Lonnie ametekwa na vidonge vya maumivu tangu alipoumia mgodini.

KUMB. NA. 3/11: AINA YA BUNDUKI
Mwenyekiti alipendekeza bunduki ya kukokota, ile inayovutwa kwa mkono kabla ya kila risasi, ya risasi tano. Bi. Orpha alikataa: "Burgess, vidole hivi havifungui hata chupa ya siki. Nikokote nusu ikwame, nife nimeikumbatia?" Alitaka ya mitutu miwili sambamba, kama ya marehemu mumewe: unaikunja, unaona kwa macho kama ina risasi, unaifunga, basi. Mwenyekiti alisema risasi mbili hazitoshi.

"Kwani wa tatu nani? Mimi nina mwizi mmoja."

Bw. Delmas alishauri mbwa. Mwenyekiti alijibu: "Mbwa gani, Delmas? Mbwa wote wa bonde hili wanamjua." Katibu aliona aibu kwa niaba ya Mwenyekiti, na hilo liandikwe.

Bw. Delmas alitoka, akarudi na bunduki zake mbili za namna hiyo. Yenye nyundo za nje aliiweka kando, kwa kuwa dole gumba la Bi. Orpha halikuweza kuzivuta. Ya pili, fupi, aliipima begani kwa Bi. Orpha, akamwonyesha kwamba kila ikifunguliwa kitufe cha usalama kinajifunga chenyewe. "Hii, Shangazi Orpha. Lakini tia marisau ya ndege, yale madogo."

Mwenyekiti alisema kwa umbali mfupi wa jikoni mle, marisau madogo yanaua sawa na makubwa.

"Najua," alisema Bw. Delmas.

KUMB. NA. 4/11: OMBI LA BW. DELMAS
Bw. Delmas aliomba mtu aitwe kwa jina kabla ya kupigwa risasi. Mwenyekiti alisema ombi hilo halina nafasi katika kumbukumbu. Katibu aliendelea kuandika.

Bi. Orpha alisema: "Nitamwita, mwanangu. Nilimfundisha kusoma mimi. Akiitika, nitamfungulia mlango na kumpa chakula."

Bw. Delmas alijibu: "Haitiki, Shangazi. Hata mimi nikimwita haitiki siku hizi."

Azimio la kumpa Bi. Orpha bunduki hiyo lilipita. Bw. Delmas naye aliinua mkono kuliunga.

KUMB. NA. 5/11: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa tisa na nusu alasiri. Hakuna aliyekuwa na sala.

B. Napier, Mwenyekiti
L. Fugate, Katibu