Asilimia Tisini na Sita

Jumanne, 8 Julai

Saa moja na nusu asubuhi. Kipimo cha hifadhi ya seva: asilimia themanini na moja. Nimekinakili daftarini kabla ya chai, kama ilivyo desturi yangu.

Kila idara ya hospitali imeahidiwa nafasi kubwa katika seva: maabara, eksirei, wodi ya wazazi. Ukizijumlisha ahadi hizo, zinazidi diski zilizopo mara tatu. Ndivyo mfumo ulivyoundwa. Nasi shughulini hualika watu kuliko sahani, kwa kuwa wageni hawali wote kwa mkupuo. Sharti ni moja: awepo wa kuchungulia chungu. Mtu huyo ni mimi. Sikuisomea kazi hii chuoni. Nashukuru kwamba niliaminiwa.

Alhamisi, 10 Julai

Themanini na tisa. Mashine mpya ya eksirei inahifadhi kila picha mara mbili. Kipimo kikifika mia, hakuna idara itakayoweza kuandika lolote. Naogopa.

Nimewasilisha kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, barua ya kuomba diski mbili. Kurasa nne. Sijapata kuandika bora kuliko hii, hata nilipowaandikia wakulima wa Mloka malalamiko yao kuhusu tembo.

Ijumaa, 11 Julai

Tisini na tatu. Nimefuta nakala za ziada za eksirei. Sehemu ya idara hiyo sevani ikawa nyepesi. Kipimo cha hifadhi ya pamoja hakikupungua hata chembe. Kosa langu. Nafasi ya kilichofutwa hairudi kwenye hifadhi mpaka mfumo uamriwe kuirejesha, na mfumo wetu wa zamani haujui amri hiyo. Asubuhi nzima imepotea.

Baada ya swala, Bi Subira, katibu muhtasi, amenirudishia barua.

"Mzee Mkumba, bosi kaisoma mpaka ukurasa wa pili. Anauliza, unamshukuru au unamwomba?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Ombi lilikuwa ukurasa wa nne, nyuma ya shukrani na dua. Nimeumia. Nakiri kwamba kasema kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Tisini na sita. Kliniki ya boti imerejea kutoka Salale, deltani, na maji makubwa ya bamvua. Muuguzi Zuhura ameleta vishikwambi ndani ya ndoo yenye mfuniko. Vikigusa mtandao wetu humwaga kila kitu: kadi, vipimo, picha. Hifadhi ingejaa katikati na kadi zikabaki nusu. Nilimsihi asiviunganishe.

"Kaka Mkumba, nina wajawazito arobaini na mmoja humu. Wasubiri mlangoni?"

Mmoja wao atapasuliwa Jumatatu. Kundi lake la damu limo ndani ya kishikwambi tu.

Kisha akaketi sakafuni, matope miguuni, akaanza kunakili kwa kalamu kadi za walio hatarini. Hakunung'unika. Wema huu sitausahau.

Nami nimeiandika barua upya. Sentensi moja: "Naomba diski mbili kabla ya Jumatatu asubuhi; zikikosekana, wodi ya wazazi haitaweza kumwandika mgonjwa." Bila utangulizi. Imenitoka kama jino. Bi Subira, siku yake ya mapumziko, aliipeleka kwa miguu hadi nyumbani kwa Mganga Mfawidhi. Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri: gari la wagonjwa lililoko Dar es Salaam lizibebe likirudi.

Jumapili, 13 Julai

Tisini na nane. Sikula mchana.

Dereva amefika alasiri. Diski amezifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Nimempa mkono mara mbili.

Saa kumi na mbili jioni, diski mpya zimo sevani: sitini na moja. Zuhura ameunganisha vishikwambi, kimoja kimoja. Kadi zote arobaini na moja zimeingia kamili. Alhamdulillahi. Nilitaka kumshukuru kwa maneno yanayostahili nikayakosa, jambo lisilo kawaida yangu. Nikasema ahsante tu. Akaniambia inatosha.

Jumatatu, 14 Julai

Sitini na mbili asubuhi.

Saa tano wodi ya wazazi imemwandika mtoto wa kike, kwao Salale. Mama aliyepasuliwa ni mzima. Kadi yake sijaifungua. Si haki yangu. Zuhura ndiye aliyenipa habari, akipita na ndoo yake.

Nikakisoma kipimo tena. Sitini na mbili ileile. Nafasi ipo.