Kumi na Nne, Mara Tatu

Kirua Vunjo,
9 Novemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Eliezeri,

Namtukuza Mungu Baba, aliyetulinda sisi huku juu na ninyi huko Kahe hata siku ya leo. Wewe na shemeji yangu Digna hamjambo? Watoto wanaendeleaje, na joto la huko mnalistahimili? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua tangu vuli ianze. Nimeandika kwa sababu simu zangu huzipokei, wala sikulaumu. Barua hii utaipata kwa mkono wa Gladness.

Binti yangu huyo amemaliza masomo ya vipimo chuoni. Wiki iliyopita alinikuta kwenye ghala la kikundi chetu cha wakulima nikimimina kahawa ndani ya kile kipima unyevu chetu, akaniuliza kililinganishwa lini na kipimo cha uhakika. Nikamjibu kwamba tangu kinunuliwe, mwaka wa tano sasa, hakijaharibika hata siku moja. Akacheka, akasema baba, hilo silo nililouliza.

Akanieleza kwa upole kwamba ndani ya kikombe kile kuna kihisi, yaani mabamba mawili ya chuma yenye umeme kidogo kati yake, na maji yaliyomo ndani ya punje ndiyo yanayobadilisha namba. Kihisi chaweza kuwa chepesi kutambua badiliko dogo sana, na bado kikawa mbali na ukweli. Kikikaa miaka katika vumbi, namba zake huhama polepole bila mtu kujua. Tena hutaka muda wa kutulia; kahawa iliyotoka juani ikiwa ya moto humdanganya msomaji mwenye haraka.

Nikambishia. Nikamwambia kwamba mimi hupima kila gunia mara tatu, na mara zote tatu namba ni ile ile, na kwangu mashahidi watatu wanatosha. Akasema hao si watatu, ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara tatu. Kurudia jibu ni sifa moja ya kifaa, na kusema kweli ni sifa nyingine. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na miwili, Eliezeri, na bado nikamwomba binti yangu anionyeshe.

Basi akapima kahawa kidogo kwenye mizani, akaiweka katika oveni ya Evaline, yule mwoka mikate, hata uzito ukaacha kupungua. Maji yaliyotoka yalikuwa asilimia kumi na mbili. Kifaa chetu kilikuwa kimesema kumi na nne. Akarudia kwa magunia mengine manne, na kila mara kifaa kilisoma mbili zaidi ya ukweli.

Ndipo nikaikumbuka siku ile ya Septemba mwaka jana. Gunia lako lilisoma kumi na nne, mara tatu, na kikundi hakipokei inayozidi kumi na mbili. Ulisema kahawa yako imekauka sawasawa na yangu. Nami nikatangaza mbele ya wote kwamba umeinyunyizia maji ili iongeze uzito. Sifael, mwenzetu wa kikundi, akakutania kwamba umetuletea kahawa yenye maji ya kutosha kupikia mtori wa ndizi, watu wakacheka, nawe ukalibeba gunia lako ukaondoka. Juma lililofuata ukaifunga nyumba ya mama, uliyoirithi kama kitinda mimba, ukashuka Kahe. Tangu hapo jiko lile halijawaka, na Krismasi iliyopita ukoo haukuwa na mahali pa kukusanyika.

Sasa lipokee neno ambalo Gladness halijui, ingawa amelibeba mkononi. Asubuhi ile, kabla hamjafika, nilipima kahawa yangu mwenyewe. Ilisoma kumi na nne, mara tatu. Nikasema moyoni kwamba kifaa hakijatulia, kwa kuwa niliijua kahawa yangu, nikaandika kumi na mbili. Na yako tulikuwa tumeianika kwenye vichanja vile vile, siku zile zile. Nilikuona ukiigeuza kwa mikono yako. Namba ilikuwa moja. Kwangu nilikihukumu kifaa, kwako nikakuhukumu wewe.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, nitayasema haya mbele ya kikundi, Sifael akiwemo. Nakuomba msamaha, wala sikuwekei siku ya kunijibu. Migomba yako nimeipalilia, na majani kwenye kaburi la mama nimeyafyeka. Kufuli la mlango sijaligusa. Ni lako.

Mungu aliye mwaminifu akubariki wewe, Digna na watoto. Ailinde nyumba yenu ya Kahe, na hii iliyofungwa huku aihifadhi mpaka mikono yenu itakapoifungua. Amina.

Kaka yako,
Ebenezeri