Nusu Uiachie Kompyuta

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Magoti yanasemaje? Mimi napumua, ingawa daktari ameacha kunitania, na hiyo si dalili njema.

Unaomba kuja kuniona. Jibu ni lile lile: nishinde kwanza katika mchezo huu wa chesi tunaoucheza kwa barua, ndipo nikufungulie mlango. Hujawahi kunishinda, na kufa kwangu hakutakusaidia. Farasi wangu amekula askari wako wa katikati.

Jingine. Nachambua michezo yangu ya ujana kwa programu ya chesi. Nimeitengea memori yote ya kompyuta ili ifikiri vizuri, lakini inajikokota kuliko mimi nikienda msalani. Wewe ulikuwa fundi wa kompyuta. Kasoro iko wapi?

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Magoti yamenuna, viungo vingine vizima. Pole kwa maumivu.

Kasoro ni uroho. Memori hiyo ndimo programu inamoweka hali za ubao ilizokwisha kuzipima. Ukiipa kidogo, inasahau na kurudia kazi. Ukiipa yote, kompyuta inakosa pa kupumulia, inahamishia mzigo kwenye diski, kila kitu kinakwama. Ingia kwenye mipangilio, ipe nusu, nusu uiachie kompyuta. Funga programu nyingine zote, kisha iache ichambue kutwa nzima bila kuigusa.

Ngome yangu imekula farasi wako. Safari hii umejipeleka mwenyewe, Mwalimu Mkuu wa chesi.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi vilevile. Nusu imetosha, ahsante.

Malkia wangu anakwenda pembeni kabisa mwa ubao. Cheka kwanza, halafu tazama vizuri.

Kaka yako

16 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini unakula. Nimetazama vizuri. Namlaza mfalme wangu, nimeshindwa. Siji, kama tulivyokubaliana.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Hali yangu usiulize. Nesi ananishikia karatasi.

Hapakuwa na michezo ya ujana. Nilikuwa nachambua mchezo wetu. Malkia yule sikumwona mimi, aliyemwona ni programu, baada ya wewe kunielekeza. Ngome yako ilipokula farasi nilikuwa nimekwisha, nikaona heri nife bila kukuona kuliko unishinde.

Na siku mlipomzika mkeo, sikuja, nilisema nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na mchezo mezani, nami nilikuwa nashinda.

Nataka kukuomba radhi ana kwa ana. Mlango uko wazi. Njoo upesi.

Kaka yako

15 Mei

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa kuuguzwa.

Nilijua. Mwenye kuchambua michezo ya zamani hana haraka, nawe uliandika kama mtu anayekimbizwa. Ndiyo maana nilikuelekeza sawasawa, bila kukuficha kitu.

Barua za kuomba nije kwako huziandika wanangu. Mimi natia sahihi tu. Wanaijua chesi, na kila hatua huitazama kabla sijaituma. Ningecheza ovyo wangenigundua. Nilihitaji kushindwa kweli ili nisije, na kwa hilo wewe peke yako hukutosha.

Ya homa pia nilijua. Aliniambia mtu uliyekuwa ukicheza naye.

Leo wanangu wameniuliza umeandika nini. Nimewaambia umekataa tena.

Mdogo wako